Bonde Lililopigwa Pasi

Inspekta Graciete Bravo hakuwahi kuiona sakafu ya bahari maishani mwake, lakini pasi aliijua. Mama yake alikuwa dobi. Kwa hiyo Ludgero, fundi wa mashine ya mwangwi, alipomfungulia ramani kwenye kompyuta ya meli ya upimaji Santa Quitéria, hakuhitaji kuelekezwa.

"Hapa," alisema, akigusa kioo kwa ukucha. "Hapa pamepigwa pasi."

Ludgero alimgeukia, kikombe cha kahawa kikiwa kimesimama nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Mimi nimeshinda jana kutwa nakodolea macho ramani hii nijue inanichefua nini. Wewe hata kiti hakijapata joto!"

"Nieleze sasa. Nieleze kama unamweleza mtu anayetapika hata kwenye boti ya bwawa la bustani."

Ludgero alicheka, akasogeza picha. Bonde lilianzia karibu kabisa na mji wa Porto da Ranha, chini ya maji, kana kwamba mtu alipasua ardhi kwa shoka kutoka ufukweni kwenda nje. Mdomoni lilikuwa jekundu, likashuka kwa manjano na kijani, kisha bluu, hadi zambarau huko mbali ambako mwanga wa jua haujawahi kufika. Kila mahali palikuwa na mikunjo: makorongo, maporomoko, matuta ya matope. Kila mahali isipokuwa sehemu moja, chini ya ukuta wa kwanza, iliyolala tambarare kama sinia.

"Mashine inapeleka sauti chini, sauti inagonga, inarudi," Ludgero alisema. "Ikichelewa kurudi, pana kina. Ndiyo siri yote. Sasa, mashine ikikosea inaacha tundu, au inatema miiba. Haitandiki shuka. Huu ni mkono wa mtu. Vipimo vya kweli vimefutwa, halafu pakajazwa kwa kukisia kutoka pembeni. Tena kazi mbovu, tazama huu mshono! Ningefanya mimi, usingeuona mpaka unakufa." Alimtupia jicho. "Sijui kwa nini nimesema hivyo mbele ya polisi."

"Umejitetea vizuri kuliko wakili. Kwa hiyo tunamtafuta mtu aliyewaona mafundi wakifanya kazi hii, lakini mwenyewe si fundi."

"Ndiyo."

"Na vipimo vya hapo vilichukuliwa lini?"

"Siku ileile Benedita alipoumizwa. Mchana. Alikuwa peke yake kwenye kioo. Mimi zamu yangu ilikuwa imekwisha, nilikuwa nakoroma."

Benedita Quaresma ndiye aliyekuwa mkuu wa ramani. Juzi jioni, meli ikiwa imefungwa gatini, alikutwa kifudifudi katika chumba hikihiki, damu ikiwa imegandia nywele. Wote walisema aliteleza. Daktari alisema binadamu hatelezi akajigonga kisogoni kwa mtungi wa zimamoto, kisha akaamka akaupangusa mtungi na kuurudisha ukutani. Tangu hapo Benedita alikuwa amelala hospitali, anapumua, haneni.

Graciete alitazama saa. Adhuhuri meli ilitakiwa iondoke kwenda karakana kaskazini, mashine yake ya mwangwi ifunguliwe. Alasiri, kamati ya majina ya chini ya bahari ingekutana Lisboni kulipa bonde hilo jina rasmi na kuifunga ramani. Baada ya hapo hakuna ambaye angekuja tena kupima mahali ambapo pamekwisha pimwa.

"Usiondoke na usimwambie mtu," alimwambia Ludgero.

"Hata nikiulizwa na nahodha?"

"Nahodha ndiye naenda kumuuliza mimi."

*

Nahodha Honorato Pinhal alikuwa kwenye chumba cha usukani, anapangusa vioo yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na medali ya Bikira Maria ikining'inia kifuani. Porto da Ranha yote ilimwita Mtu wa Muujiza. Miaka iliyopita, meli ya uvuvi aliyoiongoza, Estrela da Ranha, ilizama na mabaharia wake watano. Yeye peke yake mkondo ulimleta pwani akiwa hai. Hadi leo kuna wanawake wanaogusa bega lake akipita sokoni.

"Inspekta, karibu. Nikusaidie nini? Lakini upesi, karakana hawamsubiri mtu."

"Juzi jioni ulikuwa melini?"

"Nilikuwa. Humu humu, naandaa safari. Sikusikia kitu, jenereta ilikuwa inanguruma."

"Nani alipanda?"

"Nani hakupanda! Profesa Sarmento alipanda, akashuka uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Balbina wa wavuvi naye alipanda, na mdomo wake. Wote wawili kwa ajili ya jina la bonde. Mimi nilimwambia Benedita, mwanangu, achana nao hawa, shimo ni shimo hata ukiliita Papa."

"Ulimpenda?"

"Nani asingempenda? Mchapakazi. Tatizo lake hakujua pa kuishia."

Graciete alisimama kando ya ramani ya karatasi mezani, akaweka kidole karibu na mdomo wa bonde. "Nikitaka kwenda kupatazama hapa kabla hujaondoka?"

"Ukatazame nini, matope?" Honorato alicheka, akarusha kitambaa begani. "Mimi hilo bonde nalijua kama njia ya kwenda chooni gizani. Koo la Kasisi, Ngazi, Kikaango, Kitanda cha Bibi, kote huko nimepita. Hakuna kitu ila matope na mikunga, wale samaki kama nyoka. Usijipe tabu ya kutapika bure."

"Nani amekwambia natapika?"

"Macho yako. Meli bado imefungwa na wewe tayari umeshika meza."

Graciete aliiachia meza, akamshukuru, akashuka.

*

Profesa Teodoro Sarmento alimkuta palepale gatini, koti refu, mkoba mkononi, anasubiri teksi ya kumpeleka stesheni. Hakusubiri kuulizwa.

"Ndiyo, nilipiga kelele. Nilimwita mkaidi, akaniita mwizi wa majina. Tumekaa kwenye chuo kimoja miaka mingi, tumezoeana."

"Unataka bonde liitwe Sarmento."

"Kwa ajili ya baba yangu! Mzee yule alikuja hapa na kamba na kipande cha madini ya risasi, akashusha, akahesabu, akaandika. Kabla yake hakuna aliyeandika kwamba pana bonde."

"Wavuvi wanasema walilijua kabla babu yako hajazaliwa."

"Kulijua si kulichora." Alivuta pumzi. "Inspekta, najua unapoelekea. Mtu kaharibu kitu, na mimi ndiye mwenye hasira. Lakini fikiri. Kamati haipitishi jina bila ramani iliyokamilika. Sehemu ikitiliwa shaka, jina la baba linarudishwa kabatini miaka mingine mitano. Mimi niguse ramani ile? Ni sawa na bwana harusi kuchoma kanisa asubuhi ya ndoa."

Teksi ilipiga honi. Graciete alimtazama viatu, mikono, kifundo cha tai. Mwanamume huyu hakuweza hata kufunga mkoba wake bila kubana kidole.

"Nenda, Profesa. Lakini simu yako iwe wazi."

"Benedita akiamka," alisema Sarmento, mguu mmoja ndani ya teksi, "mwambie bado ni mkaidi. Atafurahi."

*

Ufukweni wanawake walikuwa wanapasua samaki na kuwatandaza kwenye vichanja vya wavu, samaki hao wamefunguliwa kifua kama vitabu. Balbina, mwenyekiti wao, alikuwa na sketi nyeusi na kisu kilichoisha kwa kunolewa. Alimwona Graciete akija mchangani kwa viatu vya mjini, akapaza sauti:

"Umekuja kunifunga? Ngoja nioshe mikono, pingu zisinuke!"

Wenzake walipasuka kicheko. Graciete naye alishindwa kujizuia.

"Shangazi Balbina, nimeambiwa ulimtishia Benedita."

"Nilimtishia, ndiyo. Nilimwambia akiandika Sarmento pale, nitamtundika hapa kichanjani akauke pamoja na kibua. Halafu nikampa supu ya kabichi niliyombebea, kwa sababu yule mtoto hali. Akala mbele yangu. Bakuli langu liko huko huko melini, nalitaka."

Bakuli lilikuwa huko. Graciete aliliona kwenye orodha ya vitu vya chumbani, tupu, na kijiko ndani. Nani anapika supu ya mtu anayekwenda kumvunja kichwa?

"Na nyinyi mnataka liitwe nani?"

"Linaitwa tayari! Koo la Kasisi. Linameza kila kitu na halisemi asante." Vicheko tena. Balbina alipasua samaki mwingine. "Mume wangu Abílio ndiye alikuwa akilitaja hivyo nyumbani, kila siku. Abílio alikufa na Estrela. Mbali huko kusini, maili na maili nje, ndivyo Honorato alivyoita kwenye redio. Meli za uokozi ziliwatafuta huko siku mbili, hazikupata hata kiatu. Kila mwaka tunatupa maua kuelekea kusini."

Simu ya Graciete ililia. Alikuwa dada yake Benedita, anapiga kutoka hospitali, sauti ikimtoka kwa kukimbia.

"Inspekta, amefungua macho! Haongei bado, lakini amenishika mkono, kaubana! Na mimi nimekumbuka jambo. Juzi alinipigia mchana kutoka kazini, tukacheka. Sikuliona la maana, maana huyu dada yangu hata birika analipa jina. Alisema amekuta kitu chini huko, kimelala kama kile kitanda cha marehemu bibi yetu, kile chenye ubao mrefu kichwani. Akasema, 'Nimekiandika hapa hapa kwenye picha: Kitanda cha Bibi.'"

Graciete aliibana simu sikioni. 

"Rudia jina."

"Kitanda cha Bibi."

"Alimwambia nani mwingine?"

"Nani? Alikuwa peke yake. Alisema atamwonyesha mwenzake zamu ikibadilika."

Graciete alikata simu. "Shangazi Balbina. Mle bondeni, Ngazi ni wapi?"

"Kule ukuta unakoshuka hatua hatua."

"Kikaango?"

"Panapokata nyavu, upande wa mwamba. Kwani vipi?"

"Kitanda cha Bibi?"

Balbina aliinua kichwa. "Cha bibi ya nani?"

"Hakuna mahali panaitwa hivyo?"

"Jamani!" Balbina aliwageukia wenzake. "Kuna anayejua Kitanda cha Bibi, kule Kooni?" Wakatikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kikongwe mmoja akasema chake hakijawahi kufika baharini, godoro lingelowa. Lakini Balbina hakucheka tena. Alikuwa anautazama uso wa Inspekta.

"Umepata kitu wewe."

"Nahitaji kwenda hapo. Sasa hivi, kabla ya adhuhuri."

"Basi nami naenda," Balbina alisema, akachomeka kisu mbaoni. "Bakuli langu liko melini."

*

Hati ya hakimu ilifika gatini na askari wawili wa bandari. Honorato aliisoma, akairudisha, akatabasamu.

"Bahari ni ya wote. Twende tukatazame matope."

Santa Quitéria ilitoka. Graciete alishika nguzo ya chumba cha mashine ya mwangwi, lakini macho hayakubanduka kwenye kioo. Ludgero alikuwa kitini. Balbina alisimama nyuma yao, mikono kifuani. Kila sauti iliyorudi kutoka chini ilichora mstari mwembamba wa rangi, mstari juu ya mstari, na bonde likaanza kufunuka upya mbele yao: mdomo mwekundu, bega la manjano, Ngazi zikishuka moja moja.

"Tunakaribia," Ludgero alisema. "Pale penye pasi ni mbele kidogo. Kidogo tu... Ah!"

"Nini?"

"Amekata kona. Tumepita pembeni."

Graciete alichukua simu ya ndani. "Nahodha, nyoosha."

"Mkondo, Inspekta! Mkondo unanisukuma."

Walizunguka, wakarudi. Rangi zikashuka, Ngazi zikapita, na kwa mara ya pili mstari ukapinda ukakwepa mahali palepale, kama mtu anayekwepa dimbwi barabarani. Ludgero akafungua haraka njia zote ambazo meli ilipita tangu kazi ianze. Zilikuwa zimenyooka kama matuta ya shamba, zote, mpaka zilipofika hapo. Hapo zilipinda. Zote isipokuwa moja.

"Hii moja iliyonyooka," Graciete alisema. "Nani alikuwa na usukani?"

Ludgero alisoma, macho yakamtoka. "Zulmira. Msaidizi wa nahodha. Mchana ule. Nahodha alikuwa amelala baada ya chakula."

Graciete aliiachia nguzo. Alipanda ngazi mbili mbili, kichefuchefu kikisahauliwa, askari wakimfuata. Honorato alikuwa ameukamata usukani kwa mikono yote miwili. Zulmira, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu, alisimama pembeni yake akiuma mdomo.

"Bi Zulmira, siku ile nahodha akiwa amelala, kulikuwa na mkondo hapa?"

Zulmira alimtazama bosi wake, akamtazama Inspekta. "Hapana. Benedita aliniomba ninyooshe, nikanyoosha. Ilikwenda kama treni."

"Chukua usukani."

"Hii ni meli yangu!" Honorato alifoka.

"Na hii ni hati ya hakimu. Ondoka hapo, Nahodha, au hawa wakuondoe."

Askari walisogea. Honorato alifungua vidole kimoja kimoja. Zulmira aliingia mahali pake, akageuza meli, akalenga. Safari hii Graciete alihisi meli ikienda bila kusita. Kutoka chini, kupitia mlango uliokuwa wazi, ilisikika sauti ya Ludgero:

"Inakuja! Inakuja, inakuja... Mama yangu!"

Walishuka, askari mmoja akimshika Honorato, mwingine akibaki na Zulmira usukanini. Kwenye kioo, katikati ya matope ya bluu, palikuwa pameinuka umbo refu, lenye kingo zilizonyooka ambazo bahari haijui kuzitengeneza. Ncha moja ilisimama juu, kama ubao wa kichwani wa kitanda cha zamani.

"Kamera," alisema Graciete.

Ludgero alishusha kamera ya kamba. Kwanza yalionekana maji ya kijani, kisha giza, kisha chembe nyeupe zikipita mbele ya taa kama vumbi. Halafu chuma. Kutu, kamba za nyavu, mkunga aliyechomoa kichwa dirishani akakirudisha. Taa ikasogea upande wa mbele, na herufi zikaanza kutoka gizani, moja moja. Balbina ndiye aliyezisoma, kwa sauti ya mtoto anayejifunza kusoma.

"Es... tre... la." Alisogea karibu. "Estrela da Ranha."

 Graciete alimgeukia Honorato.

"Nahodha, asubuhi ulinitajia Kitanda cha Bibi. Jina hilo halimo midomoni mwa wavuvi, wala halimo kwenye ramani. Lilizaliwa kwenye kioo hiki mchana, na jioni yake aliyelizaa akapigwa. Liliishi saa chache tu. Ulilisoma wapi, kama si begani kwa Benedita?"

Honorato alikitazama kioo. 

"Aliniita mwenyewe," alisema hatimaye, taratibu. "Alifurahi. 'Nahodha, njoo uone nilichokupatia!' Alidhani ni meli ya kale. Alitaka kushusha kamera kesho yake. Nilimsihi aache. Nilimsihi, Inspekta. Akaniuliza kwa nini."

"Nami nakuuliza. Kwa nini iko hapa na si kusini?"

Jibu lilitoka kwa Zulmira, aliyekuwa amemwachia yule askari usukani na kusimama mlangoni. "Hapa ni marufuku kukokota nyavu. Karibu na pwani namna hii, mtu anapoteza leseni." Alikuwa akimtazama bosi wake kama mtu asiyemfahamu. "Mlikuwa mnaiba samaki. Na wimbi lilipowapindua, ukataja redioni mahali palipo halali."

"Sikujua kwamba itazama kabisa!" Honorato alisema. "Nilidhani tutajiokoa, nilidhani ni suala la faini tu. Redio ikakatika. Halafu nilikuwa majini, halafu nilikuwa mchangani. Ningesema nini? Nilikwisha sema!"

Balbina alisogea mbele. Graciete alimtazama mikono, lakini mikono yake ilining'inia tu.

"Muujiza wako," alisema. "Tulikukuta jioni ya pili. Tulikuvika blanketi langu. Kumbe kutoka hapa karibu hivi ulifika usiku uleule, ukajificha?"

Honorato aliinamisha kichwa.

"Nijibu moja tu, Honorato. Ulipofika mchangani, wao walikuwa wamekwisha kufa?"

Meli iliyumba, kamba ya kamera ikagonga ubavu. Honorato alifunika uso kwa viganja.

"Hapana. Walikuwa wameshika boya. Upepo ulikuwa wa baharini, ulileta sauti. Niliwasikia, Balbina. Mpaka karibu na mapambazuko niliwasikia."

Na wakati huo meli zote za uokozi zilikuwa zikimulika taa zao kusini, juu ya maji matupu. Graciete alitoa pingu. Honorato alinyoosha mikono bila kuambiwa, naye akazifunga, mlio mdogo mmoja, kisha mwingine. Akamsomea makosa yake kwa sauti kavu: kumjeruhi Benedita Quaresma kwa nia ya kuua, kuharibu ushahidi, na mengine ambayo mwendesha mashtaka angeyatafutia majina.

Balbina hakuyasikiliza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, juu ya umbo lile lililolala matopeni. Kisha alijifuta macho kwa mgongo wa mkono ulionuka samaki, akanyoosha mabega, akamgeukia Zulmira.

"Mwanangu, rudisha meli. Kimbiza kadiri inavyoweza. Wenzangu watalisikia hili kutoka mdomoni mwangu, si kwenye redio."

Zulmira alipanda mbio. Injini ikanguruma, sakafu ikatetemeka, na Graciete akajikuta ameshika nguzo tena, huku akicheka na kulia kwa pamoja bila kujua lipi limetangulia. Kupitia dirishani aliuona ufukwe ukikua. Wanawake walikuwa wameacha visu na vichanja. Walisimama wima kwenye ukingo wa maji, mikono ikiwa imekinga macho, wakiitazama meli iliyokuwa inarudi mbio kuliko ilivyoondoka.